Linux Imegoma Kufika Kwenye Desktopu: Tafuta Kwanza Imekwama Wapi

Mwalimu mmoja alinijia Jumamosi na laptopu kwapani. Ndani yake kulikuwa na maksi za kidato cha nne ambazo hazikuwa na nakala popote. "Fundi, imekufa," akasema. "Wa kwanza kuiangalia kaniambia ifomatiwe tu."

Nikaiwasha mbele yake. Nembo ya Ubuntu ikatokea, kile kiduara kikazunguka weee, kisha kioo kikawa cheusi tii. Nikabonyeza Caps Lock, kitaa chake kikawaka. Nikabonyeza tena, kikazima. Maiti hapepesi jicho. "Mwalimu, hii haijafa. Imekwama."

Kufomati ni rahisi kwa fundi na ni ghali kwa mwenye mali. Linux inayogoma kuwaka karibu kila mara inakuwa imefika mahali fulani ikasimama, na ukipajua pale iliposimama umeshapunguza kazi kwa nusu. Ina vituo vitano: UEFI au BIOS (programu ya kiwandani inayoamsha mashine yenyewe), GRUB inayochagua mfumo, kerneli (moyo wa Linux) pamoja na initramfs (furushi la draiva zake za mwanzo), systemd inayoamsha huduma, mwisho ukurasa wa kuingilia na desktopu. Tutavipitia kwa mpangilio huo. Mifano yangu ni ya Ubuntu, na kwa Debian na Linux Mint ni ileile kwa sehemu kubwa. Fedora nitaitaja inapotofautiana.

Kabla hujagusa kitu

Chomeka chaja. Chomoa flashi, hadidiski ya nje, printa na memori kadi. Nimeshaletewa kompyuta "iliyokufa" ambayo kumbe ilikuwa inahangaika kuwaka kutoka kwenye flashi ya nyimbo iliyosahaulika nyuma ya kasha. Kisha isubiri dakika mbili kwa saa. Systemd ikikosa kitu huvumilia sekunde 90 kabla ya kuendelea, na watu wengi huzima kwenye ya 60.

Ikibidi kuizima, usiwe mwepesi wa kukandamiza kitufe cha pawa. Shikilia Alt na Print Screen kwa pamoja (kwenye kibodi nyingine kimeandikwa SysRq, na laptopu nyingine hutaka na Fn), halafu bonyeza S, kisha U, kisha B, ukipumzika sekunde chache kati ya herufi. S humwaga kwenye diski yaliyobaki kwenye memori, U huifunga diski isiandikwe tena, B huwasha upya. Ubuntu imeruhusu hizo tatu tangu ilipotoka kiwandani.

Tafuta pia flashi ya kuwashia, yenye Ubuntu ile unayoweza kuijaribu bila kuisakinisha. Tengeneza kwenye kompyuta ya rafiki, flashi ya GB 8 inatosha. Ukiwasha kwa flashi hiyo unaifungua diski ya ndani kama folda, unakopi picha, maksi na mikataba, ndipo unaanza ufundi. Kwa mtu asiye na bakapu, hii ndiyo hatua ya kwanza, hata kabla ya kujua ugonjwa.

Ifanye iseme

Nembo nzuri inayozunguka inaficha maneno unayoyahitaji. Washa kompyuta, na mara tu nembo ya kiwanda ikitoka bonyeza Esc mara moja, au shikilia Shift kama mashine ni ya zamani yenye BIOS. Mara moja tu: ukiigonga Esc kwa pupa utajikuta kwenye alama ya `grub>`. Ikitokea hivyo, andika `normal`, piga Enter, kisha gonga Esc upya.

Kwenye menyu ya GRUB, simama juu ya mstari wa kwanza, bonyeza `e`. Tafuta mstari unaoanza na `linux`, futa maneno `quiet splash` mwishoni mwake, bonyeza F10. Sasa kila hatua itapita kwenye kioo kama maandishi. Badiliko hili ni la safari hii moja tu, kwa hiyo usiogope kuharibu. Piga picha kwa simu mstari wa mwisho na ile mitano iliyo juu yake. Picha hiyo ndiyo utakayoitumia kutafuta msaada, na si sentensi ya "inaleta maandishi mengi".

Kituo cha kwanza: GRUB haionekani kabisa

Ukiona `No bootable device` au mashine inakurudisha kwenye mipangilio yake, ingia humo (F2, F10 au Delete, kutegemea kiwanda) uangalie kama diski inatajwa. Haitajwi? Hapo hakuna amri ya Linux itakayosaidia. Ni waya, ni tundu, au diski imefariki.

Ikitajwa, angalia saa ya mashine. Ikiwa imerudi miaka mingi nyuma, kibetri cha CMOS kimekwisha, kile cha duara, mara nyingi CR2032, na mipangilio yote imerudi ya kiwandani. Diski iliyokuwa kwenye AHCI huenda imebadilishwa kuwa RAID (ni namna mbili za mashine kuongea na diski), au UEFI imekuwa Legacy. Rudisha ilivyokuwa. Penye Windows na Linux pamoja, angalia mpangilio wa kuwaka: Windows ikijisasisha huwa inapenda kujiweka mbele.

Kituo cha pili: `grub>` au `grub rescue>`

Hapa GRUB imeamka lakini haioni folda yake. Andika `ls` uone partisheni (vipande ambavyo diski imegawanywa), kisha zichungulie moja moja, mfano `ls (hd0,gpt2)/`, mpaka uione ile yenye `boot`, `etc` na `home`. Kwenye `grub rescue>` sema:

```
set prefix=(hd0,gpt2)/boot/grub
insmod normal
normal
```

Menyu ikitokea, umevuka kwa leo, lakini ukizima itarudi kulekule. Tiba ya kudumu ni kuisakinisha GRUB upya ukiwa umewasha kwa flashi. Fungua terminali, andika `lsblk -f` ujue partisheni ipi ni ipi. Tuseme mfumo uko `/dev/sda2` na ile ndogo ya EFI, ya aina ya vfat, ni `/dev/sda1`:

```
sudo mount /dev/sda2 /mnt
sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi
for i in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$i /mnt/$i; done
sudo chroot /mnt
```

Amri ya mwisho inakuhamishia ndani ya mfumo uliogoma, kana kwamba umewaka. Humo ndani:

```
grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi
update-grub
```

Kwa mashine ya BIOS, ruka mstari wa `sda1` na andika `grub-install /dev/sda`, diski nzima, bila namba ya partisheni. Kosa la kuweka namba hapo nimeliona mara nyingi kuliko makosa mengine yote ya GRUB. Ukimaliza, `exit`, kisha washa upya. Ishike njia hii ya chroot, kwa sababu karibu kila ugonjwa ulio chini unaweza kutibiwa kwayo pale mlango wa kawaida unapokuwa umefungwa.

Kituo cha tatu: kerneli na initramfs

Kuna ujumbe wa aina mbili hapa, na watu huuchanganya.

Wa kwanza ni `Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`. Maneno ya kutisha, lakini maana yake mara nyingi ni ndogo: kerneli mpya imewekwa bila initramfs yake, lile furushi linalobeba draiva za kuisaidia kuiona diski. Hutokea umeme ukikatika katikati ya kusasisha, au partisheni ya `/boot` ikijaa. Nenda kwenye menyu ya GRUB, chagua `Advanced options`, washa kerneli ya kabla ya hiyo. Ikiwaka, fungua terminali:

```
df -h /boot
sudo apt autoremove --purge
sudo dpkg --configure -a
sudo update-initramfs -u -k all
sudo update-grub
```

Ikiwa kerneli mpya bado haina furushi lake, liunde kwa `sudo update-initramfs -c -k` ukimalizia na namba ya kerneli hiyo kama inavyoonekana kwenye `ls /boot`. Kwa Fedora kazi hiyo hufanywa na `sudo dracut --regenerate-all --force`.

Wa pili ni kujikuta kwenye alama ya `(initramfs)`, hakuna rangi, hakuna menyu. Huku kwetu, ambako umeme ukikatika hautoi taarifa na laptopu nyingi za mtumba betri zake hazishikilii hata dakika, huu ndio ugonjwa wa kila wiki. Andika `exit` ili ikuambie tatizo. Ukisoma `UNEXPECTED INCONSISTENCY; RUN fsck MANUALLY`, mstari huo umeitaja na partisheni yenyewe. Ichukue kama ilivyoandikwa, uipe fsck, programu ya kukagua na kurekebisha diski:

```
fsck -y /dev/sda2
```

Hiyo `-y` inajibu ndiyo kwa kila swali. Bila hiyo utajibu maswali mia mbili kwa kidole kimoja. Ikimaliza, irudie mara ya pili. Ikisema `clean`, andika `reboot`. Mafaili yaliyopoteza majina utayakuta kwenye folda ya `lost+found`.

Lakini sikiliza diski yako. Ikitoa mlio wa kugonga, au maandishi yanajaa `I/O error`, acha fsck mara moja. Kuitengeneza diski inayokufa ni kuisukuma kaburini. Washa kwa flashi, okoa mafaili kwanza, halafu weka kifurushi cha smartmontools na uangalie `sudo smartctl -a /dev/sda`. Mstari wa `Current_Pending_Sector` au `Reallocated_Sector_Ct` ukiwa na namba inayopanda kila siku, kanunue diski nyingine. Na kama unatumia Fedora, kumbuka toleo la eneokazi tangu ya 33 limekuja na Btrfs, namna nyingine ya kupanga mafaili kwenye diski, ambayo fsck haifanyi kitu juu yake. Usikurupuke kuitumia `btrfs check --repair` kwa sababu tu umeiona mahali.

Ukisoma `ALERT! UUID=... does not exist`, andika `blkid`. Partisheni ikionekana lakini kwa UUID (namba yake ya utambulisho) nyingine, kuna aliyeifomati au kuigawa upya. Isipoonekana kabisa, rudi kituo cha kwanza.

Kituo cha nne: `You are in emergency mode`

Kabla ya ujumbe huo utakuwa umeona `A start job is running for /dev/disk/by-uuid/...` ikihesabu hadi dakika moja na nusu. Mshukiwa wa kwanza ni faili la `/etc/fstab`, lenye orodha ya diski za kufungua wakati wa kuwaka. Uliiandikisha humo hadidiski ya nje, leo umeiacha nyumbani, mfumo unaisubiri mlangoni.

Bonyeza Enter, au ukiulizwa, toa neno la siri la root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo. Ukiambiwa akaunti hiyo imefungwa, rudi kwenye GRUB, bonyeza `e`, na kwenye ule mstari wa `linux` badili `ro` iwe `rw init=/bin/bash`. Utaingia moja kwa moja ukiwa root, bila kuulizwa lolote. (Ndiyo, hata mwizi anaweza. Ndiyo maana laptopu yenye siri za watu huwekewa diski iliyofungwa kwa LUKS.) Fungua `nano /etc/fstab`, weka alama ya `#` mbele ya mstari wenye shida, hifadhi, kisha `sync` na `reboot -f`.

Diski ya nje unayotaka ibaki kwenye orodha, iongezee `nofail,x-systemd.device-timeout=10s` penye safu ya chaguo. Mfumo utaibishia hodi sekunde kumi, isipojibu utaendelea na safari.

Kituo cha tano: kioo cheusi, au ukurasa wa kuingia unaokurudisha

Ukiwa kwenye kioo cheusi, bonyeza Ctrl+Alt+F3. Likitokea neno `login:`, pumua. Mfumo mzima uko hai, ni pazia tu halijafunguka. Ingia kwa jina lako na neno la siri. Unapoandika neno la siri hakuna kinachoonekana, hata nukta, usidhani kibodi imekufa. Kisha amri tatu, kwa mpangilio huu:

```
df -h
systemctl --failed
journalctl -b -p err
```

Ctrl+Alt+F3 isipoitika, rudi GRUB na uongeze `nomodeset` mwisho wa mstari wa `linux`. Neno hilo huikataza kerneli kuiamsha kadi ya picha kwa draiva yake. Ikiwaka namna hiyo, tatizo ni draiva, na ukiwa na Nvidia hilo halishangazi. Kerneli imesasishwa, draiva haikujengwa upya. `dkms status` itakuonyesha (DKMS ndiyo hujenga draiva upya kila kerneli ikibadilika). Iondoe yote, kisha uiweke upya:

```
sudo apt purge '^nvidia-.*'
sudo ubuntu-drivers install
```

Ikiweka draiva huku Secure Boot imewashwa, utaombwa kutunga neno la siri, na ukiwasha upya kitatokea kioo cha buluu cha `Perform MOK management`. Chagua `Enroll MOK` uandike neno lile. Watu wengi hupiga Enter kwenye `Continue boot` kwa haraka, draiva inakataliwa, na weusi unarudi.

Kama kusasisha kulikatishwa njiani, `sudo dpkg --configure -a` kisha `sudo apt --fix-broken install` humalizia viporo. Intaneti haihitaji desktopu: unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushea intaneti kwa USB, na mara nyingi mtandao unajileta wenyewe. Au tumia `nmtui` kwa waifai. Angalia bando lako tu, maana `sudo apt install --reinstall ubuntu-desktop gdm3` inaweza kula kiasi.

Yule anayeandika neno la siri sahihi, kioo kikapepesa, akarudishwa palepale, aangalie haya: `ls -l ~/.Xauthority`. Ikiwa faili hilo linamilikiwa na root, huenda aliwahi kufungua programu ya desktopu kwa `sudo`. Alirudishe kwenye jina lake:

```
sudo chown $USER:$USER ~/.Xauthority
```

Halafu `ls -ld /tmp` ianze na `drwxrwxrwt`. Isipokuwa hivyo, `sudo chmod 1777 /tmp`. Bado? Tengeneza mtumiaji mpya kwa `sudo adduser jaribio`. Huyo akiingia bila shida, mfumo ni mzima na uchafu uko kwenye mafichoni ya folda yako ya nyumbani. Jaribu pia kile kigurudumu kidogo kwenye ukurasa wa kuingia: Xorg ikiwepo (matoleo mapya ya Ubuntu hayana tena), ichague badala ya Wayland, maana hizo ni njia mbili za kuchora desktopu.

Sasa yule mwalimu. Ctrl+Alt+F3 ilikubali, na `df -h` ikaleta jibu kwa mstari mmoja: `/` imejaa asilimia 100, nafasi iliyobaki 0. Desktopu ili ifunguke inahitaji kuandika vijifaili vyake, na haikuwa na pa kuandika. Ext4, mpangilio wa mafaili ambao Ubuntu hutumia kwa kawaida, humwekea root akiba ya asilimia 5, ndiyo maana huduma za mfumo bado zilikuwa zinapumua wakati mtumiaji wa kawaida hawezi kuhifadhi hata herufi moja.

Akaniapia hana filamu humo. Nikaamini, nikapima:

```
sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h
```

`/var` ikatokea chini, juu tu ya mstari wa jumla wa `/`, kubwa kuliko folda nyingine zote. Nikaingia ndani kwa amri ileile: `/var/log`. Humo, `syslog` peke yake GB 81, na `kern.log` inaifuata kwa karibu. Nikachungulia mistari ya mwisho kwa `sudo tail -n 5 /var/log/syslog`, na yote ilikuwa wimbo mmoja: `PCIe Bus Error: severity=Corrected`. Kadi ya waifai ilikuwa inalalamika kila wakati kosa dogo ambalo tayari limesahihishwa, na Linux, katibu mwaminifu, ikawa inaandika kila lalamiko.

Faili la aina hiyo usilifute kwa `rm`. Programu ya kumbukumbu inakuwa bado imelishikilia, na nafasi hairudi mpaka uiwashe upya. Likamue:

```
sudo truncate -s 0 /var/log/syslog /var/log/kern.log
sudo journalctl --vacuum-size=200M
sudo systemctl restart gdm3
```

Ukurasa wa kuingia ukafunguka. Mwalimu akaandika neno lake la siri, picha ya watoto wake ikajaa kioo. Nikamwambia asishangilie bado, tukakopi maksi kwenye flashi mbili, moja yake, moja ya mkuu wa taaluma. Ndipo nikafungua `/etc/default/grub`, kwenye mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT` nikaongeza `pci=noaer` baada ya `quiet splash`, nikaandika `sudo update-grub`. Hiyo haiponyi kadi, inainyamazisha tu. Nilimweleza hivyo, na kwamba akiona waifai inaanza kukatika aje tuibadilishe. Tukaiwasha mara tatu mfululizo, mara ya tatu bila chaja, nikiangalia `ls -lh /var/log` kila ikifika kwenye desktopu. `syslog` ilikuwa na KB mia tatu na kitu.